Uliza Ujibiwe: Wadolopi ni watu gani, na kura yao ilienda wapi?

Toleo lililopita nilijibu swali la Achilles, yule shujaa wa Wagiriki kwa vita vya Troy, na nikataja Wadolopi kwa nusu sentensi tu, kwamba ni kabila dogo la Ugiriki ya kale lililowekwa chini ya mzee aliyemlea Achilles, nikasonga mbele. Sasa barua zilizoingia karibu zote ni za hiyo nusu sentensi! Nimefurahi kweli, manake hawa watu nimekuwa nao rohoni miaka mingi na sikuwahi kupata mahali pa kuwaongelea. Leo ukurasa wote ni wao, maswali mengine yatangoja.

*

SWALI: Mhariri habari ya kazi. Mimi ni makanga wa laini ya Umoja, nikiwa stejini nangoja gari ijae huwa nasoma. Nilinunua Iliad ya mtumba kwa wale wa kutandika vitabu chini pale tao, kurasa zingine zimechomoka lakini inasomeka. Kuna huyo mzee anaitwa Phoenix ako na stori ndefu ya kulaaniwa na babake. Ndiye huyo mfalme wa Wadolopi ulisema? Na hao Wadolopi wenyewe mbona siwaoni wakipigana?

JIBU: Ndiye huyo kaka, na hujapitwa na kitu, Homer, mwenye hiyo Iliad, anawataja hapo kwa mstari mmoja. Iko kitabu cha tisa, Phoenix anasema Peleus, babake Achilles, alimfanya tajiri akampa watu wengi, akakaa mwisho kabisa wa nchi ya Phthia akiwatawala Wadolopi. Basi, hapo wameisha.

Lakini hiyo stori inayomfikisha hapo ni nzito na naomba uisome pole pole hata kama gari imejaa. Amyntor, babake Phoenix, alikuwa na hawara, mama wa nyumba akawa anadharauliwa, akamshika kijana wake magoti siku baada ya siku akimsihi alale na huyo mwanamke ndio amchukie mzee. Kijana akamsikiza mamake. Baba kujua, akamlaani, akaziita Erinyes, zile roho za kulipiza kisasi, akaomba asije hata siku moja akapakata mtoto aliyezaliwa na Phoenix. Mimi nimelelewa na watu ambao laana ya mzazi ni kitu mtu anaogopa kuliko polisi, kwa hivyo hapo sihitaji kuelezwa. Phoenix anataka kuhama, ndugu na binamu wanakuja kumzuia, wanachinja kondoo na nguruwe, wanakunywa divai ya mzee, wanalala wamemzunguka usiku tisa moto hauzimwi, usiku wa kumi anavunja mlango anaruka ukuta wa boma anatoroka. Anafika kwa Peleus mikono mitupu na Peleus anampenda kama vile baba hupenda mtoto wa pekee.

Na huyu mtu aliyelaaniwa asipate mtoto ndiye anapewa wa mwenzake amlee. Anamkumbusha Achilles vile alikuwa anamweka magotini, anamkatia nyama, anamshikia kikombe, na mtoto anamtemea divai kifuani mpaka nguo inalowa. Achilles wakati huo amekasirika na Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, hataki kusikia mtu, Odysseus ameongea ameshindwa, na ni huyu mzee anaongea mambo ya kutemewa divai. Sijui sehemu nyingine kwa hicho kitabu inanishika hivyo.

Iko stori nyingine, ya mwandishi wa kale Apollodorus, inasema huyo hawara alimsingizia tu, babake akamtoboa macho, na Peleus akampeleka kwa Chiron, yule mganga nusu mtu nusu farasi, akarudishiwa macho, ndipo akafanywa mfalme wa Wadolopi.

Kupigana walipigana. Ukifika kitabu cha kumi na sita utaona jeshi la Achilles limegawanywa mafungu matano na la nne linaongozwa na Phoenix, ingawa Homer hapo hasemi Wadolopi. Mwenye anasema wazi ni mshairi Pindar, na maneno yake yamehifadhiwa na Strabo, mwandishi wa jiografia wa kale: kwamba Phoenix aliongoza kundi la Wadolopi wajasiri, mafundi wa kombeo. Kombeo ile ile ya Daudi na Goliathi. Ni silaha ya mchungaji, mtu wa mlima mwenye hana pesa ya ngao ya shaba wala farasi lakini jiwe analo na shabaha anayo tangu utotoni akifukuza fisi na mbwa mwitu, na vitani anasimama nyuma huku wenye majina makubwa wakiimbwa mbele. Kwa hivyo ukikosa kuwaona Wadolopi kwa Homer, wako hapo nyuma wanarusha mawe.

Kitu kingine nakuomba uangalie kwa ule mstari. Peleus "alimpa" watu. Kabila zima linaingia kwa hadithi likiwa zawadi, kama vile mtu anapewa mbuzi. Huo ndio mwanzo wao na utaona hapo mbele kila mara wanapotokea kuna mtu mwingine anawapeana, anawashtaki ama anawahesabu.

*

SWALI: Nasoma kidato cha tatu hapa Kasarani. Kwa ramani Dolopia iko wapi? Nimetafuta sioni.

JIBU: Shika ramani ya Ugiriki ya leo, tafuta milima ya Pindus inayoshuka katikati ya nchi kama uti wa mgongo. Upande wake wa kusini, pale mto Achelous unapopita, ndiyo Dolopia ya kale. Thucydides, mwanahistoria wa Athens ya kale, anasema hivyo hivyo, huo mto unatoka Pindus unapita kwa Wadolopi ndio ushuke hadi baharini. Mashariki yao kuna tambarare kubwa za Thessalia, nchi ya farasi na ngano na matajiri. Fikiria mtu wa Cherang'any akiangalia mashamba ya mahindi ya Kitale kwa chini, anayaona kila siku lakini si yake.

*

SWALI: Mimi ni mama wa biashara Gikomba. Kijana wangu amenisomea kwa simu ati Wadolopi walikuwa maharamia wa kisiwa cha Skyros na watu wa Athens wakawamaliza. Sasa watu wa milima wanakuwaje maharamia? Na ni ukweli walikuwa wezi ama ni kusingiziwa?

JIBU: Mama, umeuliza swali lenye nilikuwa naliombea.

Walikuwa pande mbili, wa bara kule Pindus na wa kisiwani Skyros, katika Bahari ya Aegean mashariki ya Euboea. Kisiwa chenyewe kina hadithi zake, ndipo Thetis, mamake Achilles, alipomficha kijana wake amevaa kama msichana asiende vitani, ndipo Neoptolemus mtoto wa Achilles alizaliwa, ndipo Theseus mfalme wa Athens alipofia, wanasema mfalme Lycomedes alimsukuma kutoka kwa jabali. Hilo la Theseus liweke kando kidogo, linarudi.

Sasa kesi. Anayeisimulia ni Plutarch, aliyeandika zaidi ya miaka 500 baada ya mambo kutokea, na anasema Wadolopi wa Skyros walikuwa wakulima wabaya, wakategemea uharamia, mwisho wakawa wanaibia hata wale waliokuja kwao kununua na kuuza. Wafanyabiashara fulani wa Thessalia wakatia nanga, wakaporwa, wakafungwa. Wakatoroka, wakaenda kushtaki kwa Amphictyony, hilo ni baraza la makabila ya Wagiriki lililosimamia hekalu la Delphi, wakashinda kesi. Kisiwa kikaambiwa kilipe. Na hapa naomba usikize vizuri mama, manake ni mambo yako ya soko: wananchi wengi wakakataa, wakasema sisi hatukuiba, wenye waliiba na mali wako nayo ndio walipe. Wale wezi kuona hivyo wakaogopa, wakamwandikia Kimon, jemadari wa Athens, aje na meli watampatia mji mikononi. Kimon akaja akachukua kisiwa, akafukuza Wadolopi, na Plutarch anamsifu kwamba aliikomboa Aegean.

Mimi kila nikifika hapo nasimama. Kwa maneno ya Plutarch mwenyewe, wengi walisema jambo la haki, mwizi alipe. Waliomwita Kimon ni wezi. Halafu walioumia ni nani? Thucydides, aliyezaliwa miaka kama 15 hivi baada ya hayo, anaandika sentensi moja kavu: watu wa Athens waliichukua Skyros, kisiwa kilichokaliwa na Wadolopi, wakawafanya watumwa, wakaweka watu wao. Yaani Plutarch anasema kufukuzwa, Thucydides anasema utumwa, na mimi namwamini Thucydides, alikuwa karibu na tukio na hakuwa na sababu ya kuwaongezea watu wake aibu. Hii ni kama mwaka wa 475 KK.

Kwa hivyo wezi walikuwepo, sitakudanganya kwamba walisingiziwa wote. Lakini angalia kisiwa kiko wapi. Athens ilikula ngano iliyotoka Bahari Nyeusi, meli zikipitia Lemnos na Imbros na Skyros, na hivyo visiwa vitatu Athens iling'ang'ania sana. Mwaka wa 386 KK, mfalme wa Uajemi alipoamuru miji ya Wagiriki iwe huru, isipokuwa ya Asia aliyoichukua yeye, hivyo vitatu viliandikwa kwa jina kwamba vibaki vya Athens kama zamani. Miaka karibu 90 baadaye! Mtu hang'ang'anii nyumba ya mwizi miaka 90 kwa sababu ya kuogopa wezi. Skyros ilikuwa kituo cha meli, na kesi ya wafanyabiashara wa Thessalia ilikuja wakati mzuri.

Sasa Theseus. Watu wa Athens walikuwa wameambiwa na waaguzi wa hekalu la Delphi wairudishe mifupa ya huyo mfalme wao nyumbani. Kimon akiwa Skyros akaona tai anaparua kilima cha udongo, akachimba, akapata jeneza la mtu mkubwa na kando yake mkuki wa shaba na upanga. Akaipakia kwa meli yake, Athens wakampokea kwa maandamano na sadaka kama vile Theseus mwenyewe amerudi. Kaburi likawekwa katikati ya mji, na Plutarch anaongeza kwamba likawa mahali pa kukimbilia watumwa na wanyonge wanaoogopa wakubwa, kwa kuwa Theseus akiwa hai alisikiliza maombi ya wanyonge.

Mama, hiyo safari moja ya meli ilileta mifupa ya mtetezi wa watumwa, na watu wa kisiwa alichotoka huyo mfu wakafanywa watumwa. Plutarch aliandika ya kwanza kwa furaha na hakuiweka kando ya ile ya pili. Kama hata Mdolopi mmoja aliwahi kukimbilia hilo kaburi hakuna aliyeandika, na hilo linaniuma kuliko yote niliyosoma juu yao.

*

SWALI: Niko South B, somo la historia nililipenda sana shuleni. Ni kweli Wadolopi walisaliti Ugiriki wakajiunga na Waajemi?

JIBU: Walimpa Xerxes, mfalme wa Uajemi, udongo na maji, ndiyo alama ya kujisalimisha, mwanahistoria Herodotus anawataja kwa orodha ya mwaka wa 480 KK pamoja na Thessalia, Magnesia, Walokri, Thebes na wengine, na baadaye anawataja tena kati ya waliompa askari. Huyu Xerxes ndiye wengi humtambua kuwa Ahasuero wa kitabu cha Esta.

Neno kusaliti mimi silitumii. Wagiriki wa kusini walipeleka askari 10,000 bonde la Tempe kuzuia njia ya kuingia Thessalia, wakakaa siku chache, wakaona hapashikiki, wakapanda meli wakarudi. Sasa wewe uko mlimani na kombeo lako, jeshi kubwa kuliko lolote linashuka, na waliokuja kukulinda wameondoka usiangalie nyuma. Wengine wengi wa kaskazini walifanya hesabu hiyo hiyo.

Na si watu wa kuogopa vita. Sparta ilipojenga mji wake wa Heraclea kule Trachis mwaka wa 426 KK, karibu na Thermopylae, majirani waliona wanasongwa, na majira ya baridi ya 420 kuingia 419 Wadolopi na Waaenianes na Wamalia na baadhi ya watu wa Thessalia wakaushambulia, wakashinda, na kamanda wa Sparta Xenares akauawa hapo. Msparta, ameangushwa na watu wa milimani! Thucydides anaipitisha kwa mistari michache, mimi ningetaka kurasa.

*

SWALI: Mwalimu mstaafu, Ngong Road. Umeandika "kabila dogo" na najiuliza, udogo huo unapimwaje? Na mwisho wao ulikuwa upi, waliuawa wote?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Nianze na hiyo ya udogo, manake kwa kitu kimoja hawakuwa wadogo kabisa.

Lile baraza la Amphictyony nililomwambia mama wa Gikomba lilikuwa na makabila 12, linakutana mara mbili kwa mwaka, Delphi na pale Thermopylae, na kila kabila liko na kura 2. Si mji, ni kabila. Kwa hivyo Wadolopi wako na kura 2 zao, na Athens na nguvu yake yote ilihesabiwa ndani ya kabila la Waionia, ikishika moja kati ya kura mbili za Waionia. Ni kama Seneti yetu, mswada wa kaunti ukipigiwa kura Lamu yenye watu 143,920 kwa sensa ya 2019 iko na kura moja na Nairobi yenye watu 4,397,073 iko na kura moja. Nadhani hapo ndipo Wadolopi walionekana kama watu wenyewe, si zawadi ya Peleus wala kesi ya Kimon. Mtu anatoka Pindus na viatu vya vumbi anaketi Delphi na kura yake inahesabiwa sawa na ya mkubwa yeyote.

Hata mshairi wa Roma, Virgil, aliwakumbuka. Aeneas, shujaa aliyetoroka Troy, anaposimulia kuanguka kwa mji huo mbele ya malkia Dido kule Karthago, Tunisia ya leo, anauliza ni askari gani wa Wamirmidoni, watu wa Achilles, au wa Wadolopi angesimulia hayo bila kulia. Yaani kwa Mroma hilo jina lilitosha kusimamia ugumu wa roho.

Mwisho wao ulikuja pole pole. Makedonia iliwashika. Roma ilipomshinda mfalme Philip wa Tano, mwaka wa 196 KK ikawatangaza huru pamoja na Wamagnesia na Waperrhaebi. Mtoto wa Philip, Perseus, akarudi kuwashika kwa nguvu kama mwaka wa 174 KK, hiyo ni baada ya Wadolopi kumuua mtawala waliyewekewa, Euphranor, na Warumi wakaiweka Dolopia kwa orodha ya makosa ya Perseus walipokuwa wanatafuta vita naye. Vita vikaja 171, vikaisha Pydna 168 KK, Makedonia ikavunjwa. Tena mwalimu unaona, Wadolopi wanatajwa kwa sababu ni ushahidi kwa kesi ya mtu mwingine.

Kuuawa wote, sivyo. Walimezwa. Wewe umefundisha miaka mingi na unajua vile inafanyika: Wayaaku wa msitu wa Mukogodo kule Laikipia hawakufa, waliingia lugha ya Maa na maisha ya ng'ombe mpaka Kiyaaku kikabaki kwa wazee wa kuhesabu. Nyanyangu naye alikuwa anatuambia habari za Agumba, watu wafupi waliokaa milimani kabla ya Wakikuyu, na ukimuuliza walienda wapi anasema waliingia kwa mashimo. Nilipokuwa mdogo niliamini mashimo. Sasa naona mashimo ni sisi wenyewe, waliingia kwa nyumba zetu kwa kuoana, kwa kubadilisha jina, na wajukuu wao wanatusomea magazeti kwa simu. Mdolopi aliyeshuka Thessalia kutafuta malisho akaoa huko, mjukuu wake ni mtu wa Thessalia na anajiita hivyo bila kudanganya.

Ila kura haiwezi kuoana na mtu, kura lazima iende mahali, na hiyo ndiyo sababu tunajua mwisho wao. Augustus, Kaisari wa Roma, baada ya kushinda vita vya Actium mwaka wa 31 KK alijenga mji mpya karibu na hapo akauita Nicopolis, mji wa ushindi, akataka uwe na sauti kubwa Delphi. Msafiri Pausanias, wa karne ya 2 BK, ameeleza vile ilifanywa: kura za makabila kadhaa zikapangwa upya, na kura za Wadolopi zikapewa Nicopolis, kwa kuwa, anasema, kabila la Wadolopi halikuwepo tena.

Mwalimu, huo mji umeushika mikononi mara nyingi na labda hukuujua. Fungua Tito 3:12. Paulo anamwambia Tito ajitahidi kuja kwake Nikopoli, manake amekusudia kukaa huko wakati wa baridi. Wasomi wengi huchukulia ni Nikopoli hiyo hiyo ya Augustus. Wakati Paulo anamwandikia Tito kule Krete, zile kura za watu wa Pindus zilikuwa zimekaa kwa huo mji miaka mingi, na hapo Delphi kila baraza likikaa bado zilipigwa.